Nilinyamaza, wakahesabu nimekubali posa

Wakuu, salaam kutoka Muscat. Haya yamenitokea mwenyewe, sijatia chumvi. Asiyeamini asome tu, apite.

Mimi ni binti wa Kiomani, asili yetu Unguja, tunaishi Al Amerat. Nimesoma chuo, nina kazi. Na sijawahi kumtamani mtu.

Si mwanamume, si mwanamke. Sijaumizwa na yeyote, na homoni nimepima, ziko sawa. Najua mngeuliza.

Mtandaoni nikakuta wanaita asexual. Nikabisha kwanza. Kwa nini kutotaka kitu kuhitaji label? Asiyekula pweza ana jina?

Lakini upweke nao una nguvu. Nikaingia group moja la siri la watu queer, yaani wasiofuata mapenzi yaliyozoeleka, wanaozungumza Kiswahili huku Gulf. Humo nikafahamiana na Njeri, Mkenya, mhudumu wa hoteli, anayependa wanawake. Siku moja tukakutana Mutrah, karibu na bandari, katikati ya watalii wa meli. Pale hakuna anayekuangalia.

Nikamweleza hali yangu. Akacheka, ila si kwa ubaya.

"Sasa wewe unaficha nini, dear? Kitu hufanyi? Mimi wakijua, kesho niko kwa ndege, narudishwa Kenya. Wewe watakuita mcha Mungu."

Nilibishana naye, maana kubisha ndiyo tabia yangu. Njiani kurudi nikaona amesema kweli. Nikajitoa kwenye group bila kuaga. Jina hilo la queer nikaliona lina wenyewe.

Wiki ileile ikaja posa. Kijana wa watu, mpole, mama zetu wanajuana tangu zamani. Baba yangu ni marehemu, kwa hiyo aliyekuja kuniuliza ni ami, mdogo wake baba. Mama amekaa pembeni.

"Mwanangu, nnakuuliza. Umeridhia?"

Kwetu, msichana akiulizwa posa akanyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa. Inachukuliwa kwamba haya zinamzuia kusema. Nalijua hilo tangu utotoni.

Lakini nilikuwa natafuta neno. Asexual, ami hatalielewa. Queer, nimeshaambiwa si langu. Kumsema vibaya kijana wa watu, hana kosa. Nikainamisha kichwa nikiwaza.

Mama akapiga kigelegele. Ami akasema alhamdulillah, akatoa simu awapigie watu wa upande wa kijana.

"Ami, sitaki."

Simu ikabaki mkononi. "Humtaki huyu?"

"Sitaki yeyote."

Ami aliaga bila kumaliza kahawa. Mama akasogea karibu, akaniuliza kwa upole kabisa.

"Nani huyo uliye naye? Mtaje tu, hatutokugombeza."

Nikamwambia hakuna. Hakuniamini. Kila siku ananiuliza upya, na naona wazi ningekuwa na mpenzi wa siri ingekuwa nafuu kwake. Hilo angelijua jinsi ya kulililia.

Nilimwandikia Njeri. Akajibu, "Pole sana. Hiyo ya kimya sikuijua. Rudi kwa group." Sijarudi. Bado sijui kama pale ni kwangu.

Nilichojifunza: nilidhani kukaa bila label ni uhuru. Kumbe ukinyamaza, wengine wanakujibia, na wanapiga na kigelegele.

Mnaotaka kutukana, karibuni, nimezoea. Ila yupo humu aliyekataa ndoa bila kuwa na mtu mwengine, akaaminiwa?

Mama yako ulimwambia nini?