Mashine ya Mkono na ya Umeme

Juzi, katika saluni moja ya Yeoville, msusi wangu alikuwa amevaa hereni za maganda ya risasi, na harufu ya shaba ikanirudia viganjani.

Papa, baba yangu, alifanya kazi Jeppestown, kwenye karakana ya mzungu mmoja mzee aliyewajazia wawindaji risasi upya. Ganda likishapigwa hurefuka kidogo, na lazima mdomo wake ukatwe kabla halijajazwa tena. Papa aliyakata kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, krr, krr, mchana kutwa. Akirudi nyumbani, vidole vyake vilishindwa kushika kijiko.

Siku moja mzee aliweka mezani mashine mbili mpya, ya mkono na ya umeme. Papa hakujua Kiingereza. Mimi ndiye niliyemsemea, nikipita karakanani kila nilipotoka shule. Mzee akaniambia nimuulize ipi inunuliwe.

"Umwambie ya mkono," papa alisema. "Iko inakata sawasawa."

Nilivitazama vidole vyake. Kisha nikamgeukia mzee, nikasema kwa Kiingereza changu kizuri cha shuleni kwamba papa anataka ya umeme. Nilidhani nimempumzisha.

"Sharp," mzee akasema, yaani sawa, akicheka.

Kufikia Ijumaa maganda mia yalikuwa yanakatwa kabla chai haijapoa, na papa akaambiwa asirudi tena. Aliyemtafsiria maneno hayo ni mimi.

Sasa papa ni mlinzi Hillbrow. Kanisani bado anasimulia jinsi mzungu yule alivyolipuuza chaguo lake, na kila mara humalizia kwa kunishika bega: "Huyu binti yangu alimwambia vizuri, neno kwa neno."