Waya Niliouunga Mwenyewe

Nyumba yetu ya Mtambile ilikuwa nyumba ya mikono. Baba alipiga kwa lolote: chai ikipoa, kuku akiingia ndani, mtu akicheka naye hajacheka. Mama alipofariki hakubaki tena wa kusimama katikati. Mimi nilirithi mkono wa baba mzimamzima. Mdogo wangu wa kiume, aliyenifuata ziwa, alikula kipigo cha baba kisha akala changu, na kwa akili zangu za wakati ule niliona ndivyo nyumba zinavyokwenda.

Nilikuwa na miaka ishirini nilipopata barua kutoka chuo kimoja cha ng'ambo. Nimepewa nafasi, nisome bure. Sharti lao lilikuwa moja, fomu ijazwe kwenye intaneti kabla ya Alhamisi jioni. Isipojazwa, nafasi anapewa mwingine, na mimi nabaki na baba.

Miaka ile intaneti ilikuwa ya kupiga simu. Kompyuta nilikuwa nayo, kuukuu, mjomba aliileta kutoka Maskati pamoja na modemu yake, kiboksi cha taa nyekundu. Simu ya waya ilikuwepo kwa sababu baba alikuwa karani serikalini. Aliiweka sebuleni na kulitia kufuli duara la namba, tuweze kupokea tu, tusipige. Modemu haikuwa na haja na duara. Jumatatu baba alipokwenda kazini nilipanda ngazi, nikauchuna waya wa simu pale unapopita chini ya paa, nikausokota na waya wangu na kuupitisha dirishani hadi chumbani. Kiungo nikakiacha uchi. Sikuwa na utepe, na nilikuwa na haraka ya kujiona fundi.

Kompyuta ikaandika kwamba hakuna mlio wa simu. Iliandika hivyo kutwa nzima. Mlio ulikuwepo, nausikia sebuleni kwa sikio langu, na kila nikirudi chumbani jibu ni lilelile. Niliipiga makofi ile kompyuta mpaka kiganja kikawaka moto. Jumanne ndipo nilipong'amua kwamba mtambo wetu wa simu ni wa kizamani na modemu inangoja mlio wa aina nyingine kabisa. Nikaondoa alama palipoandikwa ingoje mlio, na kwenye namna ya kupiga nikachagua ile ya kugongagonga, kama simu ya duara. Ikagonga. Ikakoroma, ikapiga mayowe, ikashika. Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha.

Haikupita robo saa, ikakata.

Nilijua sababu moja tu ya kukata. Mtu akinyanyua simu sebuleni, intaneti inakufa papo hapo. Na ndani tulikuwa wawili. Ulikuwa msimu wa karafuu, mawingu yalikuwa yametanda, na mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza ameingia baada ya kuanua karafuu zilizoanikwa uani na kuyakunja majamvi. Nikamwuliza kwa nini ameigusa simu. Akasema hajaigusa. Nikampiga ngumi ya mdomo.

Alasiri nikashika tena, mawingu yakarudi, naye akatoka mbio kuanua, akaingia, ikakata. Safari hii nilimpiga kwa mti wa ufagio mpaka ukavunjika. Alijikunyata pembeni ya kabati, damu puani, akaniambia nikautazame waya nje, kwa maana kila akiyaegemeza majamvi ukutani unatikisika. Maneno yale ndiyo yaliyonitia wazimu zaidi. Mchuma karafuu, shule aliiacha njiani, anifundishe mimi waya!

Jumatano nilifika ukurasa wa mwisho wa fomu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kila kitu nimejaza, imebaki kutuma. Nikasikia matone juu ya bati na miguu ya mdogo wangu inakimbia uani. Nikaomba Mungu. Ikakata, na fomu yote ikapotea.

Nilipotoka alikuwa sebuleni, amesimama kando ya meza ya simu, mkono wake wa kulia juu ya meza, anahema. Kwenye meza ile ile baba alikuwa ameacha pasi yake ya mkaa, imeshapoa. Sikumwuliza kitu. Niliinyanyua kwa mikono miwili nikaishusha juu ya mkono wake. Nilisikia mifupa kabla yeye hajalia.

Hospitali walimfunga vidole, wakampa na roli la plasta nyeupe ya kubadilishia bendeji nyumbani. Baba aliporudi aliuliza nani kafanya. Mdogo wangu akasema ameanguka mkarafuuni. Baba akamtandika makofi mawili, kwa kuwa msimu haujesha naye keshajivunja. Nilisimama pale, kanga yangu ina damu yake, nikanyamaza. Niliogopa zamu yangu. Aibu ya jioni ile sijaimaliza hata leo.

Alhamisi nikawasha tena. Ikashika. Mawingu yakatanda, nikamsikia mdogo wangu akiyaburura majamvi kwa mkono mmoja na kuyaegemeza ukutani, nami nimekaza meno. Haikukata. Nikajaza kurasa zote, nikatuma, na kabla ya magharibi jibu lilikuwa limerudi. Nikajiambia kwamba pasi imemtia adabu. Niliamini hivyo miaka mingi, na ukweli wangu ni kwamba nilijivunia.

Nikaenda, nikasoma, nikapata kazi huko huko. Mdogo wangu vidole viwili vilipona vimepinda, havikukunjika tena. Mkarafuu unataka mkono wa kujishikilia na mkono wa kuvutia tawi, kwa hiyo hakupanda tena. Alifungua duka dogo barabarani. Nilikuwa nikimletea nguo nzuri kila nikija likizo, naye akishukuru kwa adabu na kuuliza naondoka lini.

Mwaka jana, baba keshatutoka, nilirudi kubadilisha paa la nyumba. Fundi aliushusha waya wa zamani wa simu akaubwaga miguuni mwangu. Kiungo changu kilikuwa bado pale, lakini hakikuwa uchi. Nyuzi mbili za ndani, zilizokuwa zikigusana kila waya ukitikisika, zilikuwa zimetenganishwa, kila moja imezungushiwa plasta nyeupe ya hospitali, tabaka juu ya tabaka, kwa uangalifu mkubwa. Plasta ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Miishoni ilikuwa imekatwa kwa meno.

Nilikaa juu ya bati kuukuu nikalia kwa sauti, fundi akasimamisha kazi. Nilimwona mdogo wangu, bendeji mbichi mkononi, anapanda ngazi kwa mkono mmoja ili dada yake apate kusoma. Nikauchukua waya ule nikaenda nao dukani kwake. Alikuwa anapima sukari. Akaniamkia, nikaitikia, nikauweka juu ya mizani. Nikamwuliza kama ni yeye.

Aliutazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Nkono mmoja ulikuwa nzima," akasema.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Hikwambia, ungeupiga na nkono wa pili."

Nikamshukuru, nikamwomba radhi, nikamwambia sikujua kama alinipenda kiasi kile, baada ya niliyomtenda. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauondoa waya kwenye mizani kwa mkono wa kushoto, akanirudishia.

"Mie n'litaka uondoke, dada," akasema. "Mlikuwa mkinipiga watu wawili. Nkaona bora abaki mmoja."

Mteja aliingia akaomba sukari nusu kilo, naye akampimia.