Siku Baba Alipobisha Hodi Kordoba

Harufu ya dawa ya viatu hunirudisha Doha. Nikipita kwa fundi wa viatu hapa mtaani, nikaisikia ile harufu nzito inayopanda puani ikakaa, mara najiona tena kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba yetu ya kupanga Mansura, nimechuchumaa kando ya baba, naye anasugua kiatu chake cheusi mpaka aone meno yake ndani yake. Mimi nilipewa kazi ya kushika kopo. Nililishika kwa heshima zote, na bado kila jioni nililala na kidole cheusi.

Baba alikuwa bawabu wa hoteli moja kubwa kule West Bay. Alivaa kanzu ndefu yenye vifungo vya dhahabu na glavu nyeupe, akasimama mlangoni, na kazi yake ilikuwa kufungua, kukaribisha na kufunga. Hakuionea haya hata kidogo. "Mlango ndio uso wa nyumba," alikuwa akisema, "na uso wa nyumba ile ni mimi." Alikuwa na sharti moja la kazi ambalo alilishika kama dini: mlango hauachiwi mkononi maadamu kuna mtu anaujia. Basi viatu vikapigwa dawa kila siku ya kazi, na hilo nililielewa. Nilichokuja kutokielewa ni kwa nini, baada ya safari moja tuliyokwenda, alianza kuvipiga dawa hata Ijumaa, siku yake ya kupumzika. Nipeni nafasi niwaeleze hiyo safari kwanza.

Ijumaa nyumbani kwetu haikuwa siku ya kupumzika kwa kila mtu. Mama, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, alikuwa na mkono wa pilau uliojulikana na kila Mswahili aliyekuwa na njaa katika mji ule. Baada ya sala, vijana walijaa: madereva wa Kitanzania, wahudumu wa hoteli, na Mutua, askari wa Kikamba aliyelinda majengo mapya Lusail, ambaye yeye alikuja moja kwa moja kutoka kanisani Mesaimeer, maana kule hata Wakristo husali Ijumaa, bado amevaa tai. Viatu vilirundikana nje ya mlango mpaka jirani yetu Mhindi akaruka juu yake kupita. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama alisema kila mara akipakua, na vijana wakaitikia kwamba mwenyeji wa nyumba hii basi hataugua maisha.

Nilikuwa darasa la nne wakati hoteli ilipofanya sherehe ya wafanyakazi, wakachezesha bahati nasibu, na baba akashinda. Zawadi ilikuwa safari ya kwenda Kordoba, mji wa Hispania, sisi watatu, na juu yake mwongoza watalii wetu wenyewe wa kututembeza mjini kwa miguu asubuhi nzima. Si kundi la watu wenye kofia zinazofanana, sisi tu. Baba alituhadithia huku bado kavaa glavu, kasahau kuzivua.

Mama alikaa kitako. Akapiga kigelegele kimoja, halafu akasema jambo lililoibadilisha safari nzima.

"Baba Zuhura, miaka yote hii wafungulia watu mlango. Mimi sijamwona mtu hata mmoja akakufungulia wewe. Huko wenda kuwa mgeni. Siku moja tu, mgeni kamili. Mie n'nataka niione kwa macho yangu."

"Mgeni kuku mweupe, Mama Zuhura," baba akacheka. "Nitajulikana tu."

"Ujulikane! Ndilo n'nalotaka."

Tukaanza mazoezi. Nacheka mpaka leo nikiyakumbuka. Mama alitupeleka soko la kale la Suki Wakif jioni moja, akajifanya yeye ndiye mwongoza watalii. Alitangulia na mwavuli uliokunjwa, akatuonyesha njiwa, magunia ya viungo na wazee wanaocheza dama, na baba alitakiwa afanye kitu kimoja tu, atembee kama mtu aliyelipiwa. Alishindwa. Mikono ikarudi yenyewe nyuma ya mgongo. Akawa anabaki nyuma yetu hatua chache, ameinamisha kichwa kidogo, kama anayesubiri kuagizwa. Mara tukamkosa. Tulipogeuka alikuwa amembebea bibi mmoja wa Kikatari mifuko yake yote na anamtafutia gari.

Hapo ndipo nilipopewa cheo. "Zuhura!"

"Abee mama."

"Kazi yako huko moja. Baba yako akijisahau, mvute shati."

Nilijiona askari. Usiku huo nilimfanyia baba majaribio ya shati mpaka kifungo kikang'oka.

Kordoba ilitupokea kwa harufu ya maua ya michungwa. Michungwa imepandwa njiani, mitaani, kila mahali, na machungwa yananing'inia bila mtu kuyagusa, jambo ambalo mama alilishangaa sana mpaka alipochuma moja akaling'ata. Uso aliokunja! Mwongozaji wetu, msichana mrefu mwenye nywele za mawimbi aitwaye Paloma, alicheka akatueleza kwa Kiingereza kwamba hayo ni machungu, ya kutengenezea jemu. Baba akamfasiria mama, na mama akasema angeambiwa mapema angekuja na sukari.

Tulianza kwenye ule msikiti wa kale ambao siku hizi ni kanisa. Nguzo zimesimama ndani mpaka macho yanachoka, na matao juu yake mekundu na meupe. Mama alivuta mtandio, akanong'ona dua, akaipapasa nguzo moja kwa kiganja. Kisha tukaingia vichochoroni, na hapo mama akapagawa. Kuta nyeupe, vichochoro vya kupita mtu na nusu, milango mizito yenye misumari ya shaba, vyungu vya maua madirishani. "Mbona hapa Malindi!" alipiga kelele. "Baba Zuhura, wamenileta kwetu!" Na kwa kuwa alikuwa kwao, akaanza kusalimia. Kila aliyekaa kibarazani alipata salamu yake kamili, hujambo, habari za asubuhi, wazima watoto. Wenyewe hawakujua neno hata moja, lakini walijibu kwa Kihispania kirefu vilevile, na kila upande ukaenda zake umeridhika.

Baba naye alikuwa akijitahidi maskini. Alitembea mikono imelegea, kidevu juu. Shati nilikuwa nimelivuta mara chache tu. Paloma alipomwonyesha kitu, alikitazama kwa utulivu wa mtu mkubwa. Mama alinikonyeza. Tulikuwa tunakaribia kushinda.

Ndipo Paloma akatupeleka mkahawani tukanywe kitu. Ulikuwa na mlango mzito wa mbao na kioo. Baba alikuwa wa mwisho kuingia, na nyuma yake wakaja mzee na bikizee wanaotembea kwa kushikana. Nani asingewashikia mlango? Akaushika. Lakini nyuma ya wazee kulikuwa na kundi zima la watalii wenye kofia za njano, wametoka juani, wana kiu, na mlango hauachiwi maadamu kuna mtu anaujia. Mgongo ukanyooka. Mkono mmoja ukaenda nyuma. Kwa Kiingereza chake cha hotelini akawakaribisha mmoja mmoja, mabwana kwa mabibi, akawatahadharisha na kidaraja cha kupandia mlangoni. Nilivuta shati mpaka likachomoka kwenye suruali, wapi! Bwana mmoja akamuuliza choo kiko wapi. Baba, ambaye hajawahi kukanyaga pale maishani mwake, akamwomba radhi angoje kidogo, akaenda kumuuliza mwenye mkahawa, akarudi, akamsindikiza.

Mimi nilikuwa nacheka. Nikamgeukia mama tucheke pamoja, nikakuta macho yake yamejaa machozi.

"Siku moja tu n'nakuomba," alimwambia baba aliporudi mezani. "Siku moja, Baba Zuhura. Hata hii?"

Baba alitazama mikono yake. "Si mimi, mama. Ni hii."

Paloma aliona kwamba jambo limeharibika, akaniinamia akaniuliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha shule: baba kazi yake ni kufungua milango, na mama anataka leo afunguliwe. Paloma hakucheka. Alikunywa kahawa yake yote, akampigia mtu simu, akasema matembezi yetu yatakwenda mahali ambapo watalii hawapelekwi.

Tulifika kwenye mlango wa kijani mwishoni mwa kichochoro. Ilikuwa nyumba ya bibi yake. Kabla hatujagusa kitu mlango ukafunguka wote, na bibi mwenyewe, mfupi, mnene, kavaa aproni, akasimama pembeni mwa mlango ameunyoosha mkono kuelekea ndani. Mimi nilimpa shikamoo, nikangoja marahaba, nikapata mabusu mawili. Mama akaingia, Paloma akaingia. Akabaki baba.

Bibi akamwashiria aingie. Baba akainama, akamwashiria bibi atangulie yeye. Bibi akatikisa kichwa, akanyoosha mkono zaidi. Baba akainama zaidi. Jamani, mabawabu wawili wamekutana kwenye mlango mmoja! Nani ataingia? Nilidhani tutalala pale. Tabasamu la baba likaanza kuniogopesha, kwa sababu niliona hatanii. Mguu wake ulikuwa hewani juu ya kizingiti na hauwezi kushuka.

Mama, akiwa ndani, akasema taratibu, "Bisha hodi, baba. Huwezi kuingia kwa watu hujabisha hodi."

Baba alimtazama kama mtu aliyekumbushwa jina lake. Akarudisha mguu nyuma, akajiweka sawa, akagonga ule mlango uliokuwa wazi, akaita kwa sauti ya kwao Tanga iliyojaa kichochoro kizima:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Bibi yule hakujua Kiswahili, lakini kuna maneno hayahitaji mkalimani. Akamjibu kwa sauti kubwa vilevile, akamshika mkono, akamvuta ndani. Mama akapiga kigelegele cha pili cha safari ile, na majirani wakachungulia madirishani.

Ndani palikuwa na ua uliojaa vyungu vya maua ukutani mpaka juu, na kisima katikati. Baba alikalishwa kwenye kiti kikubwa cha bibi. Akaletewa kahawa, akaletewa vitamutamu vya kukaanga vilivyochovywa asali, na mama alipoonja alishika kifua. "Visheti!" akasema. "Visheti hivi!" Akamfuata bibi jikoni kuona jinsi vinavyokaangwa, na hakurudi. Tulisikia sufuria, tulisikia vicheko, Kihispania na Kiunguja vikipishana bila kugongana. Baba aliita, "Mama Zuhura, njoo ukae!" Naye akajibu, "Nakuja, nakuja." Nilipochungulia nilimkuta amekunja mikono ya baibui, anaosha vikombe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama jembe alilitafuta mwenyewe kabla kahawa haijapoa. Mimi nilikula visheti mpaka nikaumwa tumbo, na furaha niliyokuwa nayo siku ile sijui kama nimeipata tena.

Tuliporudi Doha, Ijumaa ya kwanza, baba akatoa kopo la dawa ya viatu. Akavipiga viatu vyake. Akavaa kanzu ya kazi na glavu. Akamshika mama begani, akamtoa nje ya mlango, kati ya viatu vya vijana, akaufunga.

"We mwanamme una wazimu?" sauti ya mama ilitoka koridoni.

"Mwenye kuingia abishe hodi," baba akajibu.

Halafu tukasikia, na kicheko kikiwa kimebanwa ndani yake, "Hodi."

Baba akafungua mlango wote. "Karibu, bibie." Akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamletea kahawa kwenye sinia. Vijana aliwaambia leo jikoni wanaingia wao. Mutua alitoka na sinia la pilau, tai kaitupia begani. "Madhe, hii mchele imeungua kidogo tu chini," alisema. "Juu iko sawa kabisa." Mama alikula, akasema ni tamu, akamwomba Mungu amsamehe.

Ikawa hivyo kila Ijumaa. Mimi niliamini baba anatuigizia Kordoba ili tucheke, na tulicheka kweli. Nilishika kopo, nikalala na kidole cheusi, nikaona nina baba mchekeshaji kuliko wote.

Miaka imepita, nina nyumba yangu. Idi iliyopita wageni walijaa sebuleni, mimi niko jikoni, mikono ndani ya povu, nasikia wanavyofurahi. Mtu akaita, "Zuhura, njoo ukae!" Nikajibu, "Nakuja, nakuja." Sauti iliyonitoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama, kutoka jikoni kwa watu, Kordoba. Nikasimama pale na kikombe mkononi, nikalia na kucheka kwa pamoja.

Ijumaa iliyofuata nilimpigia simu baba. Wanaishi Tanga sasa. Hoteli aliiacha zamani. Nikamuuliza kuhusu ile siku ya Kordoba.

"Mama yako aliniombea niwe mgeni, nikawa," alisema. "Nimekaa kwenye kile kiti cha watu, raha imenijaa, nikatazama huku na huku nimwonyeshe. Nikaona mgongo wake tu, kwenye sinki."

Nilitaka kumwambia kitu, lakini nyuma ya sauti yake nikasikia mlango ukigongwa, na kicheko cha kizee kimebanwa.

"Hodi!"

"Nitakupigia baadaye, mwanangu," baba akasema. "Nina mgeni mlangoni."