Mtoto wa Mpunga

Nakumbuka asubuhi moja ya mavuno kule Mchombe, binti yangu Tumaini, dada yako, akiwa na miezi minane. Alilia, nikamnyooshea mikono. Akanikwepa, akamtafuta wifi yangu Yustina, aliyezoea kumbeba mgongoni. Mwanangu, sijawahi kuumia vile, na maumivu nayajua.

Baridi yabisi ilikuwa imenishika mikono tangu nijifungue. Hospitali kule Ifakara walinipa dawa, na dada wa mazoezi akanifundisha kukunja na kunyoosha vidole ndani ya maji ya uvuguvugu kila siku. Nilifanya juma moja nikaacha. Ya nini kujisumbua? Yustina alipepeta, mama mkwe alipika, mimi nilikaa mkekani naambiwa pole. Pole ni tamu, usione hivi, nilishaizoea.

Mama mkwe alikuwa na ulimi mkali, lakini siku ile alikaa kando yangu akanishika vidole.

"Tumekuhurumia mpaka tumekunyang'anya mtoto," alisema. "Kosa letu. Ila na wewe ulituachia. Sasa unataka nini, mkwe wangu?"

"Kumfunga mbeleko mwenyewe, mama."

"Haya, tuanzie hapo."

Akafunga mpunga kwenye kitambaa, ukawa na ukubwa wa mtoto, akanipa kanga kuukuu. Kila asubuhi, baada ya mazoezi ya vidole, nilijifunga huyo mtoto wa mpunga mgongoni. Fundo lilifunguka, mpunga ukamwagika, kuku wakafurahi. Siku viungo vilipovimba mama mkwe hakunilazimisha, tulinyoosha polepole tu. Kuna siku nilimchukia, kusema kweli, na bado alikuja na beseni lake.

Mpunga wa msimu uliofuata ulipochipua, nilimfunga Tumaini. Fundo lilikuwa baya, lakini lilishika, nami nikatembea naye hadi majarubani, kwenye mpunga wetu, nikilia kwa furaha.

Mwanangu, sasa baridi yabisi imekushika na wewe, na karatasi yako ya mazoezi nimeikuta chini ya godoro. Sikugombezi. Nakuomba uchague jambo moja ambalo mikono yako inalitamani, hata kama ni kusuka nywele, ufanye mazoezi kwa ajili ya hilo. Dawa meza, kliniki nenda. Siku mbaya pumzika bila kujilaumu, halafu urudi. Wanaokupenda waambie wakusaidie, wasikumalizie kazi yote.

Mungu akulainishie viungo, akupe asubuhi za kuamka bila kuogopa. Sasa lete beseni, maji yameshapata moto. Tutaloweka mikono pamoja.