Koromeo na Binti wa Nguo Nyeupe

“Siku ile mjinga nilikuwa mimi,” anasema Koromeo, akiipuliza maikrofoni yake iliyozungushiwa utepe. Anakiri hivyo, na kabla hujamhurumia anaanza kujitetea.

Mchana huu yumo kwenye banda la video, amekalia kreti ya soda pembeni ya skrini. Kazi yake ni kuzima sauti ya filamu za kigeni na kuwasemea wahusika wote, wazee kwa watoto, hadi mbwa. Aliianza alipofukuzwa kiwanda cha magodoro, na koo ndilo pekee alilotoka nalo zima.

Sheria yake ilikuwa moja: mwema husema kwa sauti nyororo, mwovu hukwaruza. Wala hakuwa akiitazama filamu kabla ya kuisemea. “Nikiijua mapema, vichekesho vinapoa,” anasema.

Jumamosi iliyopita ikaja filamu ya mabinti wawili wa shule wenye nguvu za miujiza. Mmoja kavaa nyeupe, tabasamu halimtoki. Mwenzake kavaa nyeusi, nywele timutimu, milango anaifungua kwa teke. Koromeo hakujiuliza. Wa nyeupe akapewa sauti ya asali na sifa za nyongeza. Wa teke akapewa ya kukwaruza.

Katikati ya filamu, binti wa nyeupe anamkumbatia mwalimu mkuu. Mzee wa watu anasinyaa, anageuka chura. Binti anamtia kwenye kopo lake la chakula, anafunga kifuniko, anatabasamu.

Banda zima likageuka kumtazama Koromeo.

Hata leo Koromeo anashika shavu akisimulia. “Yaani huyu niliyemsifia muda wote ule?”

Badala ya kunyamaza, akaendelea kwa sauti ileile ya asali: “Namhifadhi mwalimu asipigwe na baridi.”

Vijana waliinuka wakatoka. Mmoja alimwambia mwenye banda, “Mama, huyu msemaji wako yuko upande wa shetani.”

Mwenye banda akatoa hukumu papo hapo. Leo filamu inarudiwa. Vijana wakitoka tena, Koromeo anakabidhi maikrofoni, na filamu zitaonyeshwa zilivyo, na maandishi chini.

Safari hii ameitazama hadi mwisho. Mabinti wote wawili atawapa sauti moja, watazamaji waamue wenyewe. Akisalimika, anataka mkewe, anayekata tiketi mlangoni, aanze kuwasemea wanawake. “Nimechoka kujibana koo,” anasema.

Mwenye banda anachungulia. “Leo unamhifadhi nani?”

“Mama, ungekuwa wewe ungejuaje?” Koromeo anasimama. “Mtu kavaa nyeupe, anaongea kwa upole, anatabasamu. Nani angemdhania ubaya?”

Mlangoni, mkewe anachana tiketi bila kuinua kichwa.

“Hivyohivyo ndivyo ulivyokuja kwetu kuposa.”