Kaka Lusajo, Bibi alikuwa na neno lako

Jamani, leo nimelia jikoni mpaka ndizi zimeungua.

Kaka yangu Lusajo alikuja Kisondela kutoka Dar. Alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu tumzike baba, na baba alifariki wakiwa hawasemeshani. Bibi ndiye aliyemshika baba mkono hadi mwisho. Siku zote anasema, "Nina neno la Lusajo. Kwenye simu silisemi, nitampa akija."

Basi leo kaja.

Wakakaa barazani wawili. Mimi niko jikoni, namsikia Bibi anaongea taratibu. Mara nikamsikia kaka anacheka.

Kumbe anacheka na simu!

Akapiga selfi na Bibi, akala, akapanda bodaboda kwenda Tukuyu kuwahi gari la Mbeya.

Nikamuuliza Bibi, "Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia, mwanangu. Nilimwambia baba yake alimsamehe, alikufa akimwita."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Sawa, Bibi.' Macho hakuinua."

Kisha Bibi akaniuliza swali ambalo hadi sasa linanichoma:

"Au Kiswahili changu kibaya? Labda hakunielewa."

Nimempigia kaka, hapokei. Lakini ile selfi ameshaiweka, kaandika "Nyumbani ni nyumbani", na nyie mmeijaza mioyo.

Nyie mnaokomenti pale, na sasa hivi anawajibu, naomba mnisaidie. Mwambieni ashuke kwenye gari. Bibi bado amekaa barazani.