Shukrani Iliyokwama Kwenye Diski

Katika kichochoro cha mafundi nyuma ya soko la Kejetia, hapa Kumasi, diski ya kompyuta ikianza kugonga haiendi moja kwa moja kwa Birago. Inapitia kwanza kwa kijana wa simu, "ajaribu tu". Akishindwa anamvushia jirani yake, na jirani naye, kwa ukarimu wetu ule unaoua watu, anaiwasha mara mbili tatu aone kama itaamka. Hakuna anayedai chochote, maana hakuna aliyefanya chochote. Ikifika kwenye meza ya Afua Birago, ya mwisho kabisa chini ya bati, diski iko hoi bin taabu, na mwenye nayo anasema, "Dada, tumeshaipeleka kwa watu wanne." Anasema kwa majivuno kabisa, utadhani ameleta cheti.

Birago ana miaka hamsini na miwili. Baba yake alikuwa akitengeneza taipureta nje ya mahakama, na kwake alirithi kiti, bisibisi na ulimi mkali. Kichochoro kizima kinamwita Madam Usiwashe, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila mteja, hata kabla ya kujibu salamu. Kwetu huo ni utovu wa adabu usiosameheka. Yeye anasameheka, na mimi nadhani ni kwa sababu watu wanajua lilikotoka neno lenyewe.

Miaka kumi na moja iliyopita mtu mmoja alimletea diski yenye picha za mtoto wake aliyefariki. Diski ilikuwa bado inasoma. Birago alitaka kumfurahisha yule baba, akaanza kumfungulia picha moja moja pale pale, kwenye diski ile ile gonjwa, baba anacheka huku anafuta machozi. Picha ya sita diski ikanyamaza, na haikusema tena. Yule baba hakumgombeza. Alimshukuru kwa zile tano akaenda zake, na hilo ndilo lililomuuma Birago kuliko matusi. Tangu hapo ana kanuni moja: nakala kwanza, kutazama baadaye. Huinyonya diski nzima kipande kwa kipande bila kujua ndani mna nini, na mpaka nakala ikamilike hata mwenye diski haruhusiwi kuchungulia.

Jumatatu moja mwanamke mzee aliyevaa nguo nyeusi za msiba alifika mezani na laptopu iliyofungwa kwenye khanga.

"Usiwashe!" Birago akamwambia.

"Sijawasha, binti yangu. Habari za asubuhi."

Birago akaona haya, akasimama kumpa kiti. Mama yule alijitambulisha: Maame Dufie, mjane wa Agya Nsiah wa upande wa Tepa. Laptopu ni ya mwanawe wa mwisho. Na mafundi wa kichochoroni walikuwa wameshaionja.

"Nani kaiwasha?" Birago akauliza kwa sauti, ili kichochoro kisikie.

"Mimi mara moja tu!" Fiifi wa meza ya pili akajibu.

"Moja ya kweli, au moja ya kwenu Wafante wa pwani?"

"Basi tatu. Lakini za upole."

"Siku ukilazwa nitakuja nikuamshe mara tatu, kwa upole."

Maame Dufie hakucheka. Alieleza shida yake huku akiitazama laptopu. Yeye na marehemu walipanda kakao miaka thelathini, yeye akibeba miche kichwani na mtoto mgongoni. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa mume, na kwetu aliyekufa hurithiwa na ukoo wa mama yake, yaani na wapwa zake. Mke na watoto hawamo. Lakini Agya Nsiah hakuwa mjinga. Miaka miwili kabla ya kufa aliita watu wa ukoo akatamka mbele yao kwamba nusu ya shamba ni ya Dufie. Dufie akatoa aseda, kinywaji cha shukrani, chupa mbili za jini, pombe kali. Watu wakinywa aseda, jambo limepita, hakuna wa kulirudisha. Wasipokunywa, maneno ya marehemu ni hewa tu.

"Sasa wazee wawili waliokunywa wamefariki," Maame Dufie akasema. "Wa tatu hajui hata jina lake. Amebaki Opoku, mpwa wa marehemu, ndiye mrithi. Anasema siku hiyo alikuwa Sunyani, na kwamba aseda haikutolewa. Wazee wa ukoo wanakaa Ijumaa. Mwanangu alichukua video kwa simu, akaitia humu. Simu akaiuza."

"Ijumaa hii?"

"Hii hii."

Birago aliitoa diski, akaiunganisha na mashine yake na betri ya akiba, maana umeme wetu mnaujua. Ilianza kwa mlio mdogo, kisha tak, tak, tak, kama mtu agongaye mlango wa nyumba isiyo na watu. Mkono wa kusomea ulikuwa unapapasa na kukosa. Birago aliiacha ivute pumzi, akaendelea, akaiacha tena. Jumatatu ikaisha, Jumanne ikaisha. Alikula kenkey yake, donge la unga wa mahindi, pale pale mezani, jicho kwenye namba za skrini. Maame Dufie alikuwa akija kila asubuhi na kukaa kwenye benchi mpaka jioni, na kungoja kwake kulimtesa Birago kuliko kelele za Fiifi.

Jumatano mchana nakala ilikuwa imefika mahali ambapo diski haikutaka tena kutoa kitu. Sehemu kubwa ilikuwa imepatikana. Birago akaitafuta video kwenye nakala, akaigeuza skrini kumwelekea mjane.

Agya Nsiah akatokea, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, uani kwake, anasema kwa kituo kabisa: nusu ya shamba, upande wa mto, ni ya Dufie na watoto wake. Maame Dufie alishika mdomo. Video ikaendelea mpaka mahali ambapo yeye mwenyewe anasimama na chupa mbili mkononi, kisha picha ikavurugika, ikawa rangi tupu, ikakatika.

"Endelea," akasema.

"Imeishia hapo, Maame."

"Mbona hawajanywa?"

Birago alijua kama anavyojua jina lake kwamba Opoku atasema: chupa tumeziona, nani kazipokea?

"Binti yangu, bila hapo sina kitu," Maame Dufie akasema taratibu. "Nina mume anayeongea tu."

Hapo ndipo kanuni ya Birago ilipolipa. Kilichookolewa kilikuwa salama, kwa hiyo diski yenyewe ilikuwa huru kufa ikitaka. Aliamua kuisoma kinyumenyume, kutoka mwisho kurudi lilipo jeraha, kwa sababu mahali pabovu pakiingiwa kwa nyuma wakati mwingine huachia vipande ambavyo kwa mbele vinagoma. Fiifi alikuja akasimama nyuma yake akitazama. Jioni walivifunga vibanda, mashine ikaachwa ikihangaika. Asubuhi ya Alhamisi diski ilikuwa baridi, imekufa kabisa. Lakini ilikuwa imetema kitu. Birago alikishona penye pengo. Kilikuwa sekunde kumi na moja.

Hakutazama. Alimsubiri mjane afike, wakatazama pamoja.

Picha ilikuwa imejaa madoa, ila sauti ilikuwa safi. Kijana mnene mwenye shati la mistari alikuwa akizunguka na bilauri, anamimina jini, wazee wanakunywa. Sauti ya Agya Nsiah ikasikika ikicheka: "Opoku, umewanywesha wote, wewe mwenyewe mdomo mkavu! Kunywa, bwana, nisije nikafa ukasema hukuwepo." Watu wakaangua kicheko. Yule kijana akacheka pia, akainua bilauri, akanywa, akafuta midomo kwa kiganja. Ikakatika.

Fiifi akapiga kofi mezani. "Amekwisha! Kesho amekwisha huyo!"

Birago naye alifurahi, ya nini kuficha. Alitamani Ijumaa ifike awepo pale auone uso wa huyo Opoku.

Maame Dufie alikuwa amekaa tu, mikono mapajani. "Opoku aliletwa kwangu akiwa na miaka saba," akasema. "Nilimwogesha. Shati hilo nilimnunulia mimi." Akamgeukia Birago. "Mwite aje aione. Leo."

"Maame! Unampa nafasi ya kujipanga!" Birago akasema.

"Nampa nafasi ya kusema mwenyewe. Nikimvua nguo mbele ya wazee nitapata shamba, na mtoto nitamkosa. Nimeshamzika mume mwaka huu."

"Na akikataa?"

"Si unazo nakala?"

"Tatu."

"Basi mwite, namba yake hii hapa. Mimi nitakuwa nyumbani."

Opoku alifika saa tisa alasiri, mnene zaidi kuliko kwenye video, amekunja uso, amejiandaa kwa ugomvi. Alikataa kiti. Birago, aliyekuwa amejipangia maneno makali tangu asubuhi, aliyameza kwa ajili ya mjane, akabonyeza tu.

Sekunde kumi na moja zikapita.

"Rudisha," Opoku akasema.

Birago akarudisha. *Opoku, umewanywesha wote.* Mara hii Opoku alikaa kwenye kile kiti.

"Rudisha tena, tafadhali. Hapo mjomba anaponiita."

Birago akarudisha mara ya tatu, ya nne. Mara ya tano hakungoja kuombwa, na hakumtazama usoni. Mwisho Opoku alitoa simu yake, akatafuta jina kwa kidole, akaiweka sikioni. Ililia muda mrefu kabla ya kupokewa.

"Maame," akasema. "Nilikunywa."